Mwanalima Hakuwa na Chungu

Dada yangu Rukia alisoma mpaka akarudi jikoni. Ni binti wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada, basi. Mwaka wa tisini alirudi kisiwani kwetu Ngumi, pwani ya Somalia, kutoka chuo kikuu huko Nairobi, alikokuwa akisomea shahada ya uzamili ya sayansi ya familia na matumizi ya nyumbani, na sote tulimcheka. Mama yake alitaka kujua kama mkate wa mofa nao unahitaji shahada mbili. Mimi nilikuwa nimeolewa Kismayu, nimekuja kutembea, nikamfuata nyumba kwa nyumba kumbebea karatasi.

Kwa utafiti wake wa chuo alikuwa akiuliza nani anapika, nani anakula, nani hula kwanza. Kila nyumba ilijaziwa fomu yake, na juu ya fomu Rukia alikuwa ameandika kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tukafika kwa Bibi Mwanalima, dada wa nyanya yetu, aliyemlea Rukia tangu alipoachishwa ziwa. Alikuwa mjane, hakuzaa, na hakuwa na chungu. Kwetu mjane mkongwe hapiki. Nyumba saba za mtaa zilimletea sahani kwa zamu, na zamu hiyo ni heshima. Nyumba ikirukwa, wenyewe hununa mwezi mzima.

Rukia alitaka kumwandika kwa Mansur, kaka wa bibi. Wino haujakauka, jirani yao Barke akaingia na maneno yake.

"Huyu si mchu wa nyumba moja," alisema. "Ni wechu." Yaani ni wetu sote.

Nyumba nyingine zikasema vivyo hivyo. Rukia hapendi ugomvi, akamwacha bibi nje ya fomu zote, akaandika pembeni kwamba mzee huyu hana kaya, hulishwa na mtaa. Mwalimu wake alimsifu sana kwa mstari ule. Mimi pia nilimsifu, Mungu anisamehe.

Kisha vita vikafika pwani. Wenye bunduki walipora nyavu, mashua, hata mabati ya paa, na sisi tuliosalimika tukakimbilia Mombasa, tukawekwa kambini. Rukia alivuka na fomu zake ndani ya nailoni, kifuani, chini ya buibui. Masomo yenyewe yalikufa pale kambini, maana kutoka kulihitaji kibali na kibali hakikutoka.

Mwaka wa tisini na sita tukasikia kuna nchi ya ng'ambo itakayochukua baadhi ya familia. Afisa wa mahojiano alitaka ushahidi, na nani alikimbia na cheti? Rukia akatoa fomu. Yule bwana alifurahi mno: majina, umri, vyote vimeandikwa kabla ya vita. Mimi wa Kismayu sikuandikwa popote, nikaachwa. Nyumba saba zilipita zote. Orodha ilipobandikwa, Mwanalima hakuwemo.

Rukia alimwendea afisa mara nne. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alimfungulia karatasi.

"Dada, mwandiko huu ni wako," alimwambia. "Umeandika hana kaya."

Rukia alimweleza kwamba yale yalikuwa mambo ya kisomo tu, kwamba bibi ana watu kuliko yeyote kambini. Afisa akajibu kwamba kama fomu zimekosea kwa huyu, basi huenda zimekosea kwa wote, na itabidi aanze upya. Watu arobaini na mmoja walikuwa ndani ya fomu zile. Rukia akaaga, akatoka.

Akazunguka zile nyumba saba, hata kwa Mansur, akiomba moja imkubali bibi kuwa mtu wake, hakuna iliyothubutu. Barke aliangalia mkeka. Mwanawe alikuwa na ugonjwa wa moyo, akasema hawezi kutamka lisilo kwenye karatasi. Nilimchukia siku ile, sasa simchukii. Maji yakimwagika hayazoleki.

Rukia alitaka kubaki, lakini mama yake alikuwa amepooza upande mmoja na hakuna mwingine wa kumnyanyua. Alimwambia bibi kwa kinywa chake kwamba anaondoka, hakumtuma mtu. Bibi aliuliza tu kama huko kuna baridi.

Nilibaki naye mimi. Nilimpikia kila siku, na kila siku alikula vijiko viwili, akasema alhamdulillahi, akaisukuma sahani. Nikileta samaki, vijiko viwili. Nikileta kuku, viwili. Aliniambia chakula changu kitamu, ila ni cha mkono mmoja. Niliwaona majirani wapya, kila mtu na mgao wake usiomtosha, nikaona haya kuwaomba. Nilikuwa nikimtazama anavyokonda na sikujua la kufanya.

Ijumaa moja Rukia alipiga simu kwenye duka la simu. Hakuuliza habari ya kambi.

"Bibi kala?"

Nikasema kala.

"Kala kwa nani?"

Nikamtajia nyumba, moja baada ya nyingine, majirani ambao hawakuwahi kuleta hata sahani. Upande wa pili nikamsikia akilia kwa furaha. Akaniomba niwapelekee shukrani zake wote. Nikamwambia nitawapelekea.