Ua Jeupe la Renita

Siku ya Akina Mama, Odessa Pettway alisimama mlangoni mwa kanisa lao huko Macon, akiwabandika watu maua kifuani: jekundu kwa mwenye mama, jeupe kwa aliyefiwa naye.

Tangu maneno yake makali kuhusu wasichana wanaozaa bila ndoa yasambae mtandaoni, watu walimsusia, hata bintiye Renita. Alitubu madhabahuni mara tatu. Mungu alimsamehe, mtandao, wapi.

Renita akafika. Odessa akachukua ua jekundu.

"Nipe jeupe."

"Mwanangu, mimi si niko hapa?"

"Watu wanasubiri nyuma, dada mhudumu."

Odessa akambandika jeupe, akichunga pini isimchome mwanawe.