Siku Ishirini na Moja za Kegi

Majirani walimpachika jina la Mama Kegi kwa kumkejeli, naye akalipokea kama cheo. Mchana alikuwa fundi cherehani, jioni akipika bia jikoni kwake. Kupika si kazi, alizoea kusema, hata mwenye pupa anaweza. Kazi ni kungoja. Bia ikishatiwa kwenye kegi, kale kapipa ka chuma, inakaa ndani ya friji siku ishirini na moja: gesi iingie taratibu, hamira izame chini, ule ukali wa kooni uishe. Njia ya mkato hakuna.

Mwaka jana shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alimzidi nguvu. Siku ya kumi tu aliitikisa kegi kama anayemwamsha mlevi, eti gesi ikolee upesi, akawamiminia wageni. Likatoka povu tupu, chungu, limejaa machicha. Wageni walicheka wakashika mbavu, na shemeji mtu akacheka nao. Mama Kegi ndiye aliyepiga deki sakafu, roho ikimuuma.

Sasa shemeji amestaafu, na bila kumuuliza mtu kaalika watu kumi na wanane pale pale kwa Mama Kegi. Bia ya safari hii ina siku nane tu kwenye kegi. Jumamosi mchana shemeji akaingia jikoni, gilasi mkononi, akafungua friji. Kegi ipo, bomba lake la kumiminia halipo.

"Shemeji, bomba liko wapi?"

"Mfukoni mwangu," alijibu Mama Kegi.

"Usinitie aibu bwana. Watu wana kiu."

"Maji yapo, soda zipo. Chai naibandika sasa hivi."

"Hii ni nyumba ya ndugu yangu!"

"Nyumba sawa. Bia nimepika mimi."

Shemeji akainama aikumbatie kegi. Mama Kegi akamwahi, akausukuma mlango wa friji kwa makalio ukajifunga, kisha akauegemea. Wageni walikuwa wamejazana mlangoni, mmoja ameshaanza kucheka. Hakubanduka.

"Cheka tu, baba," alimwambia yule mgeni. "Siku ishirini na moja zikitimia, njooni wote. Ikiwa mbaya, nichekeni mpaka mchoke. Lakini safari hii nichekwe kwa kosa langu mwenyewe."