Ombeni na Lisaa la Mpakani

Mzigo ulikataliwa tena. Ombeni Sichone aliisukuma kompyuta mbali, akaivuta tena, akaifokea: "We mashine, nimekukosea nini?"

Pale Sogea, mtaa wa Tunduma, mpakani na Zambia, ukisema mzigo watu wanafikiri lori. Wa Ombeni haukuwa na matairi. Yeye alikuwa mfungashaji wa programu: wenzake wa Dar es Salaam wanaandika vipande, yeye anavikusanya, anavifunga pamoja, anagonga muhuri wenye tarehe na saa, kisha anautuma mzigo kwenye seva ya kampuni ili zahanati zipate toleo jipya la programu ya kuhesabia dawa. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele, mlango wazi ili amsikie mama.

Mama yake, Rozi, alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakabaki machache. Dada yake Ombeni ameolewa Kitwe, kule Zambia, baba alishatangulia, na wa kumgeuza mama, kumwogesha na kumbadilisha nguo akabaki Ombeni peke yake. Kwa hiyo tusidanganyane: kazi ile haikuwa mshahara tu. Ndiyo iliyomruhusu mtoto akae na mama yake. Ikiharibika, basi.

Nayo ilikuwa inaharibika. Tangu wiki iliyopita seva ilimjibu jambo lilelile: mzigo wako una muhuri wa wakati ambao bado haujafika. Haujafika! Ombeni akatazama saa ya kompyuta: saa nne asubuhi. Ya ukutani: saa nne. Akaangalia saa ya seva, inayofuata saa ya dunia, akaiongezea masaa matatu ya Tanzania: saa nne vilevile. Sasa huo wakati ambao haujafika unatoka wapi, jamani? Alifuta kila kitu akaanza upya. Akatengeneza muhuri mwingine. Wapi!

Kilichomtia wazimu zaidi ni kwamba alipomwomba Watson, mwenzake wa ofisini Dar, ajaribu mzigo uleule baadaye, uliingia.

"Mbona kwangu umepita vizuri tu, kaka?"

"Kwangu umegoma!"

"Labda kuna kitu unakosea."

Mtu mzima, mwenye miaka yake kazini, anaambiwa hivyo! Na dada Eva, bosi wao, alishasema waziwazi kwamba mteja amechoka kuletewa mizigo ikichelewa, na Ijumaa ndiyo mwisho. Chakula kikawa hakipiti. Akimgeuza mama anasahau alipofikia, mama anamkodolea macho, naye anasema, "Hamna kitu, mama," kwa sauti ambayo hata jirani asingeiamini.

Ijumaa asubuhi alimpigia Watson. Ujanja ulikuwa umemwishia.

"Nisaidie, kaka. Nifungulie huo mzigo unisomee muhuri wenyewe. Usiruke kitu."

Watson akasoma tarehe, akasoma saa, halafu akasita. "Hapa mwishoni panasema masaa mawili mbele ya saa ya dunia. Sisi si matatu? Umehamia Lusaka, ndugu yangu?"

Hapo Ombeni akakumbuka. Wiki iliyopita, alipochoshwa na intaneti ya kukatikakatika, aliweka laini ya Nakonde, hapo ng'ambo tu. Kompyuta ikajiona iko Zambia, ikajirudisha lisaa nyuma kama saa ya kule ilivyo. Naye akafanya kile ambacho watu wa Tunduma huzifanyia simu zao zikidaka mtandao wa ng'ambo: akasonya, akasogeza saa mbele kwa mkono, akaendelea na shughuli zake. Kwa macho, saa ikawa sawa. Ndani, kompyuta bado ilijihesabu ni ya Zambia, na Zambia hiyo sasa ilikuwa imetangulizwa lisaa zima. Kila mzigo uligongwa muhuri wa lisaa lijalo. Lisaa hilo likishapita, Watson anautuma, unaingia. Siku zote zile anailaani seva, kumbe ni mkono wake mwenyewe!

Alirekebisha, akafunga upya, akatuma. Ukaingia. Alicheka peke yake huku machozi yanamtoka, akampigia dada Eva na kumweleza yote bila kuficha hata chembe. Laiti angesema tu kwamba imepona, akanyamaza!

"Kwa hiyo shida ni kukaa hapo mpakani," Eva alisema taratibu.

"Hapana, dada. Shida ni mimi kusogeza saa. Haitajirudia."

"Mimi nakuamini. Mteja ataniuliza nini kitazuia isitokee tena, nitamjibu nini? Kuanzia Jumatatu kila mzigo utafungiwa hapa ofisini, kwenye mashine zetu."

"Dada Eva, unajua hali ya mama yangu."

"Najua. Pole sana, Ombeni. Njoo naye."

"Hawezi kukaa. Safari ya kutwa nzima atakwendaje?"

Eva alivuta pumzi. "Kama huwezi, niambie leo nimpe Watson hiyo kazi."

Ombeni alifikiria dawa za mama, ambazo zilitoka kwenye kazi hiyohiyo. "Nitakuja," akasema.

Kesho yake alimleta jirani, Mama Joshua, mjane mwenye moyo mzuri aliyekubali kubaki na mgonjwa. Akamwonyesha namna ya kumgeuza, wapi panapomuuma, dawa ipi kabla ya kula. Kisha akampa bakuli la uji ajaribu. Rozi akageuza uso. Mama Joshua akasogeza kijiko, akambembeleza, "Kunywa kidogo, dada yangu, ni mimi." Rozi akabana meno na uji ukamwagikia shingoni.

Ombeni akachukua kijiko. Mama akafungua mdomo. Alikunywa bakuli zima, macho hayatoki kwa mwanawe.

"Na Jumatatu ukishaondoka je, baba?" Mama Joshua aliuliza.

Rozi aliacha kumeza. Akamtazama jirani, akamtazama Ombeni, akahangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka.

"Unaondoka?"

Ombeni alikuwa hajamwambia.