Maji Yaliyopita Chini ya Marumaru

Chuo nilichokuwa nikitunza majengo yake kipo Mchafukoge, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Ni jengo la ghorofa nne lililojengwa zamani kwa ajili ya familia za wapangaji, likaja kugeuzwa madarasa. Sebule za watu zikawa kumbi za mihadhara, na jiko moja likawa ofisi ya mhasibu, bado na alama za moshi darini. Barua yangu ya ajira iliniita msimamizi wa majengo. Wanafunzi waliniita fundi, na ndicho nilichokuwa. Nilibadilisha balbu, nilizibua masinki, nilipigilia misumari viti vilivyolegea, na zaidi ya yote nilihangaika na maji.

Maji yalikuja kwa mgao. Yakija, tunayapokea kwenye tangi la chini ya ardhi, pampu inayapandisha kwenye matangi ya juu ya paa, halafu yanashuka yenyewe vyooni. Yasipokuja siku nne, chuo kizima kinanuka, na wanafunzi wanajua wa kumlaumu.

Kwa hiyo nikawa bahili wa maji. Nilijaza mchanga kwenye chupa za plastiki na kuzitumbukiza ndani ya visanduku vya vyoo, ili kila mtu anapovuta maji yatoke kidogo kuliko kawaida. Maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi niliyakinga kwa ndoo, na mama wa usafi akayadekia ngazi. Niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, FUNGA BOMBA UKIMALIZA, nikabandika juu ya kila sinki. Mkuu wa chuo aliyapenda sana yale matangazo. Siku moja alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, akasema wengine waige mfano wangu. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu, nimefurahi kweli.

Lakini matangi yaliendelea kukauka mapema kuliko yalivyopaswa. Nikapiga hesabu mara mbili, tatu, haikukubali. Basi Jumapili moja nilikuja chuoni asubuhi. Maduka yalikuwa yamefungwa, mtaa umetulia mpaka unasikia kunguru wakitembea juu ya mabati. Nilijaza matangi ya juu, nikafunga mabomba yote ghorofa kwa ghorofa, nikachora mstari wa chaki ubavuni mwa tangi usawa wa maji, nikakaa kivulini. Ilipofika saa sita mchana maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa upana wa viganja viwili. Hakuna binadamu aliyekuwamo jengoni zaidi yangu na mlinzi wa getini.

Nikaanza kufunga koki moja moja. Nilipofunga ile inayopeleka maji kwenye vyoo vya nyuma na kantini, maji yakasimama. Nikaelewa. Lilikuwa bomba la zamani la chuma, limepita chini ya ua, limeambaa na ukuta wa jirani hadi nyuma. Na juu ya ua ule, miezi michache tu nyuma, chuo kilikuwa kimetandaza marumaru mpya za kupokelea wageni. Zilikuwa nyeupe zenye michirizi ya kijivu, na kila mtu alipigia picha pale.

Jumatatu nilimweleza mkuu. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Mwisho akauliza, "Sasa unataka tufanye nini? Tuvunje marumaru?"

"Si lazima, mkuu. Tunaweza kuliacha hilo bomba, tukapitisha jingine jipya juu, ukutani."

"Bomba lionekane uani? Wakaguzi wanakuja." Akatafakari. "Andika barua. Tutaliingiza kwenye bajeti ya mwaka ujao."

Niliandika barua.

Wiki kama tatu baadaye, mlinzi aliniita getini. Alikuwapo jirani yetu, mama mtu mzima, mjane, aliyeishi kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo iliyopigwa lipu ya saruji, yenye vyumba sita. Mababu wa mumewe ndio walioijenga. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, na kila nilipopita barazani pake asubuhi nilimkuta na sindano, miwani imeshuka puani. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitania kwa kabila langu: "Mchaga, leo umefungua duka gani?" Mimi namjibu kwamba nasubiri anikodishe baraza lake. Huo ndio uliokuwa ujirani wetu.

Siku hiyo hakutania. Alikuwa ameshika kipande cha lipu mkononi, kimelowa, kinamomonyoka.

"Mwanangu," alisema, "nyumba yangu inatoka jasho. Njoo uone, wewe ni fundi."

Nilikwenda. Chumba chake cha kulala kilipakana na ua wetu. Lipu ilikuwa imevimba kama mkate, kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, na chumvi nyeupe imechomoza kwenye kingo. Alikuwa amesogeza kitanda hadi katikati ya chumba. Niligusa ukuta, kidole kikazama kidogo. Nilijua palepale ni maji ya nani.

"Yanatoka wapi haya?" aliuliza.

Nilimwambia nitachunguza. Nikarudi moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Nilimweleza yote, tena kwa haraka, nikidhani sasa mambo yamebadilika kwa kuwa kuna nyumba ya mtu. Kweli yalibadilika, lakini si nilivyotaka. Alinyanyuka akafunga mlango.

"Umemwambia ni maji yetu?"

"Bado."

"Usimwambie. Una ushahidi gani? Umelichimba hilo bomba ukaliona? Tukikubali kwa mdomo tu, kesho tuko mahakamani. Wewe fanya kazi yako, mambo ya majirani tuachie utawala."

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa unakaribia kuisha. Nina watoto watatu wanaosoma. Nayasema haya kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia, si kwa sababu yanatosha.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa barazani, sindano mkononi. Aliniuliza, "Umegundua nini, fundi?"

Nikamwambia, "Ni maji ya ardhini, mama. Unajua huku kwetu tuko chini, maji ya mto Msimbazi yanapanda. Nyumba nyingi za zamani zina shida hiyo."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda. "Ya Msimbazi," alisema. "Haya."

Akainamia kofia yake. Nami nikaenda zangu kukinga maji ya viyoyozi.

Kwa kuwa sikuweza kusema, nilijaribu kutenda. Kila nilipomaliza kazi niliinua mfuniko wa chuma uani, nikaifunga ile koki ya nyuma, na asubuhi nikaifungua. Nilijipa moyo kwamba angalau kwa saa kumi na mbili ukuta unapumzika. Ilikwenda hivyo siku tisa. Halafu wanafunzi wa masomo ya jioni wakalalamika kwamba vyoo vya nyuma havina maji, mwenye kantini naye akalalamika, na ofisi ya utawala ikagundua sababu. Sikugombezwa. Nilikuta tu siku moja mfuniko umewekwa kufuli, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kiti cha katibu muhtasi. Nikiutaka, lazima niandike sababu kwenye daftari.

Niliandika barua ya pili, na ya tatu. Ile ya tatu niliandika wazi kwamba ukuta wa jirani unaweza kuanguka. Ilirudi na maneno mawili kwa kalamu nyekundu pembeni: "Imepokelewa. Subiri."

Nilibaki na kitu kimoja tu, kumsaidia kwa mikono. Jumamosi nilipitia kwake nikakwangua lipu iliyooza, nikapiga mpya. Nilichimba mtaro mdogo upande wake. Yeye alikaa mlangoni akishona, akinieleza habari za watoto wake, wa kike aliyeolewa Chanika na wa kiume aliyekwenda Muscat akapunguza kupiga simu. Aliniletea chai ya tangawizi na chapati. Kila nilipopokea kikombe nilisema moyoni, leo nitamwambia. Nilikunywa chai, nikarudisha kikombe, nikaaga. Lipu yangu mpya ilikaa wiki mbili kisha ikavimba kama ile ya zamani.

Masika yakaanza. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, Msimbazi ukafurika kama kawaida yake, barabara za Kariakoo zikajaa maji meusi na wenye maduka wakapanga magunia ya mchanga milangoni. Siku ya nne asubuhi, nikiwa juu ya paa nasafisha mifereji ili tuvune maji ya mvua, nilisikia mshindo mzito, kama mtu ameangusha marobota ya mitumba. Nilitazama chini. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala, na vumbi halikupanda hata kidogo, kwa jinsi udongo ulivyokuwa umelowa. Kitanda, kabati na masanduku vilikuwa wazi mbele ya macho ya watu wote wa ghorofa.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nilimkuta uani kwake amesimama na beseni la vyombo, mzima, kanga imemwanguka kichwani. Alikuwa akisema, "Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo tu. Nimetoka sasa hivi." Alirudia hivyo hivyo mara nyingi. Majirani walifika, wakamkalisha, wakamfunika. Na wote, kila mmoja aliyeingia, alitikisa kichwa akasema: mvua hii, mvua hii. Mwenyekiti wa mtaa akaandika kwenye karatasi yake: mvua. Mkuu wa chuo alituma mchele na blanketi kwa niaba ya jumuiya ya chuo. Nilivibeba mimi.

Binti yake alikuja na gari la mizigo baada ya siku tano. Nilisaidia kupakia. Kabati lilipokuwa limeshafungwa kamba na binti amekwenda kuwaaga majirani, tulibaki wawili barazani. Nikasema sasa. Nilichuchumaa mbele yake kama mtoto.

"Mama, nilikudanganya. Yale maji hayakuwa ya Msimbazi. Ni bomba letu, limepasuka chini ya ua. Nilijua tangu mwanzo."

Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa akikunja kofia ambazo hajazimaliza, akizipanga moja juu ya nyingine ndani ya mfuko.

"Mimi nimeolewa nyumba hii nikiwa msichana," alisema. "Tulikuwa na kisima hapo uani. Maji ya ardhi ya hapa yana chumvi, hata chai hayafai. Yale ya ukutani niliyaonja siku ya kwanza. Yalikuwa matamu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe. Ulipokuja kupiga lipu nikasema leo atasema. Ukinywa chai nasema leo."

"Kwa nini hukwenda kwa mkuu?"

"Nilikwenda mara mbili. Niliambiwa fundi wao amechunguza, amesema ni maji ya ardhini." Akafunga zipu ya mfuko. "Nikarudi kukungoja."

Nilitaka kusema samahani, na nadhani nilisema, lakini binti yake alikuwa amesharudi na dereva anapiga honi kwa kuwa ameziba njia. Mama alipanda mbele. Aliniambia nimshikie mfuko mpaka akae vizuri, nikamshikia, nikampa.

Wiki iliyofuata wanafunzi walikuwa likizo. Mkuu alinifuata stoo, akasimama mlangoni, akasema, "Lile bomba la juu, lipitishe wiki hii." Hakutaja sababu, nami sikuiuliza. Nilinunua mabomba ya plastiki Kariakoo, nikayapitisha ukutani, nikayapaka rangi ya ukuta yasionekane. Kazi yote ilinichukua siku mbili. Wakaguzi walipita pale baadaye bila kutazama juu. Mkataba wangu ulihuishwa.

Nilikwenda Chanika Jumapili moja, baada ya kuahirisha mara nyingi. Binti yake alinielekeza kwa simu, njia ya vumbi, mnazi, duka la bluu. Nilimkuta mama uani kwenye mkeka, amekonda, miguu imevimba. Huko bomba halijafika bado. Kijana wa mkokoteni alikuwa akishusha madumu ya maji mlangoni, na binti akayahesabu akayapanga jikoni. Nilimsalimia mama, akaitika. Aliniuliza watoto wangu wanasoma darasa la ngapi. Akauliza kama lile duka la vitambaa mbele ya msikiti bado lipo, maana huku hapati uzi anaoutaka. Nilimwambia lipo, nitamletea.

Chai ikaletwa. Nilikaa mpaka karibu na adhuhuri, nikizungumza habari za uzi, joto na bei ya nauli, nikingoja mmoja wetu aanze. Hakuna aliyeanza. Alipotaka kuinuka kwenda kutawadha alininyooshea mkono, nikamsaidia kusimama. Alikuwa mwepesi sana.