Shamba Ambalo Mabonga Hakuwa Nalo

Mwalimu Mbuthia amefundisha Historia miaka ishirini na sita katika shule moja ya kutwa kule Soy. Sababu za vita vya dunia anazijua kama jina lake: uzalendo uliopita kiasi, tamaa ya kupanua mipaka, mazungumzo ya amani yaliyovunjika. Wanafunzi huzikariri, huziandika kwenye mtihani, kisha huenda zao. Mabonga peke yake ndiye aliyekuwa akibaki darasani akiuliza maswali hadi mlinzi aje kufunga lango.

Chuo hakikuwezekana kwa kukosa karo. Mabonga alibeba magunia ya mahindi katika mji wa Moi's Bridge miaka kadhaa, kisha ajenti mmoja mjini Eldoret akamwahidi kazi ya kulinda maghala Urusi. Alipofika alipewa karatasi za lugha asiyoijua, akatia sahihi. Baada ya wiki tatu za mafunzo alipelekwa vitani, Ukraine. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi: "Mama, hii si ile kazi. Niombee."

Miezi minne baadaye, Mkenya aliyekuwa naye vitani alimpigia mamake simu. Alisema alimwona akianguka. Mwili haukuokotwa.

Tryphosa, mamake, huuza mitumba sokoni. Alifunga kibanda akaenda moja kwa moja shuleni.

"Mwalimu, wewe ndiye umesoma haya mambo. Hao watu wanapigania nini?"

Mbuthia alimweleza pole pole. Kwamba nchi moja ilisema ardhi ya jirani ni yake tangu zamani. Kwamba walikaa mezani, wakaandikiana makubaliano, na hayakushikwa. Kwamba sasa mataifa mengine yanaegemea huku na kule, na vile vita vikubwa vya zamani vilianza hivyo hivyo.

"Kwa hivyo ni shamba."

"Ni kama shamba, Mama."

"Na Mabonga wangu alikuwa na shamba huko?"

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaipangusa tena.

Jumamosi jamaa na majirani waliomboleza. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, wazee walikata shina la mgomba, wakalifunika shuka, wakalizika nyuma ya nyumba. Mbuthia aliombwa aseme machache. Alikuwa ameandika kurasa mbili. Alizikunja, akataja jina la Mabonga na mwaka aliozaliwa, kisha akashika jembe, akasaidia kufukia.