Nilichokiona na kukila Osaka, na "hai" ya mama muuza pweza

Wakuu, habari za humu.

Naona vijana mnaulizana mtu akienda Japan atembelee wapi, ale nini. Mimi nilifika, ila kabla ya uhuru, enzi za Mwingereza. Sitii chumvi, umri huu nikidanganya nitapata nini? Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kwetu Tingi, Kilwa. Nilikuwa napakia katani bandarini Lindi, nikapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo. Bosi wangu alikuwa mpishi Mgoa.

Nilipokwenda kuaga, mama alinipa picha ya kaka yangu Saidi, kavaa sare ya KAR, jeshi la Mwingereza. Alipelekwa Burma kupigana na Wajapani, ikaja barua kwamba hajulikani alipo.

Vita vikaisha, miaka ikapita. Mama alikataa katakata kaka asomewe hitima. Alisema Wajapani wanaye.

"Ukifika kwao waulize," akaniambia. "Na uangalie wanakula nini, nijue mwanangu anakula nini."

Wakuu, Osaka ni habari nyingine. Treni za umeme. Ngome yenye mawe makubwa kuliko nyumba yetu. Kwenye dirisha la hoteli moja nikaona sahani ya wali, nikameza mate, kumbe ni nta.

Viazi vitamu vya kuchoma vipo, vinauzwa kwenye mkokoteni.

Kwa hofu ya haramu nilichora nguruwe kwenye karatasi, nikamwonyesha mwenye hoteli ili aniambie kama yumo. Akafurahi, akaniletea nguruwe. Nikatoka mbio. Chekeni tu.

Sasa pweza. Wanamkatakata, wanamtia kwenye unga, anachomwa awe kama kitumbua kidogo cha mviringo. Mtu wa Kilwa nikasema hapa nimefika nyumbani.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo. Nikatoa picha, nikamwambia kwa Kiswahili changu hichohicho, maana lugha nyingine sina.

"Huyu ni kaka yangu."

"Hai," akasema.

"Alikwenda Burma."

"Hai."

"Mama anamsubiri."

"Hai."

Nililia mbele za watu. Yu hai! Nikawa nishaiona sura ya mama nikimpa habari.

Nilipotulia nikaonyesha vidole viwili, aniongeze pweza wawili. Akajibu, "Hai."

Hapo ndipo nikaelewa. Kwao hai ni ndiyo, nakusikia.

Yule mama akanitazama, akaitazama picha. Akaisimamisha vizuri mezani, akaweka mbele yake kisahani cha pweza wa moto na vijiti vyake. Akainamisha kichwa. Alikataa malipo.

Melini Mgoa akanieleza kuwa ndivyo wanavyowawekea chakula wafu wao.

Njia nzima nilijiuliza nimpelekee mama lipi. Ile "hai" ingemfurahisha, na uongo wenyewe usingekuwa wangu.

Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemuona?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikamweleza yote, hadi kisahani.

Akaweka kisu chini.

"Huyo mama ana watoto?"

"Sijui, mama. Lugha ilinishinda."

"Anao," akasema. "Au alikuwa nao."

Kisha akaniuliza kama yule pweza alikuwa wa moto. Nikamwambia alikuwa wa moto.

"Basi amekula. Nenda kwa shehe, mwambie Ijumaa tunamsomea Saidi."

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba ukimpelekea mtu habari mpelekee yote. Mimi ningemfichia mama kile kisahani, na ndicho kilichompumzisha.

Mkifika Osaka kuleni pweza. Na kama kwenu yupo aliyekwenda Burma hakurudi, andika jina lake hapa chini. Nitawasoma wote, mmoja mmoja, na kila jina nitaliombea dua.