Miadi ya Mama Raïssa

Mwaka 2019 Anastasie alikuwa ameshaishi Grand Prairie, Texas, miaka mitatu, na kwa miezi miwili mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi. Alifanya kazi ya kufunga maboksi ghalani. Nyumbani vikombe vilianza kumponyoka, na asubuhi mumewe Egide ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Msimamizi wake alikuwa tayari kumpa kazi nyepesi, mradi alete karatasi ya daktari.

Lakini huyo daktari angempata vipi? Kliniki ilianza kupokea simu saa mbili asubuhi, wakati yeye yuko kazini na simu yake imefungiwa kabatini. Alikuwa na mapumziko ya dakika kumi na tano tu. Mashine ilimwambia abonyeze moja kwa Kiingereza, mbili kwa Kispanyola. Alibonyeza moja, akasikiliza muziki hadi mapumziko yakaisha. Alipofanikiwa kumpata mtu, siku moja tu kati ya nyingi, alipewa tarehe ya wiki tisa mbele.

Mlango wa pili aliishi Fortunée, ambaye wote walimwita Mama Raïssa. Walikuwa wametoka kambi moja ya wakimbizi, na kila Jumapili walikwenda misa kwa gari moja. Fortunée alisafisha vyumba vya hoteli na alikuwa na presha, lakini hakujua kusubiri simu ni nini. Binti yake Raïssa, mwenye miaka kumi na saba, alimpigia. Msichana alikaa kwenye ngazi, akaongea Kiingereza chake cha Texas, akacheka kidogo na mtu wa upande wa pili, kisha akasema, "Mama, Alhamisi saa nne."

Anastasie alisikia yote hayo kupitia dirisha la jikoni. Yeye na Egide hawakujaliwa mtoto, na zamani hilo lilimuuma kwa namna nyingine. Sasa lilimuuma kwenye vidole. Wengine wana mtu wa kuwasemea, alijiambia, mimi nina muziki wa simu. Kumwomba Raïssa amsaidie lilikuwa jambo rahisi, na Fortunée mwenyewe alishamwambia mara mbili. Anastasie alijibu, "Asante, nitajipigia mwenyewe." Aliona afadhali mkono ukauke kuliko kuazima mtoto wa mwenzake.

Jumanne, ikiwa siku yake ya mapumziko, simu yake ililia. Ilikuwa ile kliniki. Wakamwunganisha na mkalimani, mwanamume mwenye Kiswahili cha Kenya.

"Mama, wanamtafuta Fortunée. Hashiki simu, na aliandikisha namba yako kama ya jirani. Wanauliza kama bado anakuja Alhamisi."

Anastasie alitazama ukuta uliomtenganisha na Fortunée.

"Haji," alisema. "Amesafiri, yuko Houston kwa ndugu zake. Lakini mimi pia ni mgonjwa wenu. Waambie wanipe mimi nafasi hiyo."

Mkalimani akatafsiri. Baada ya dakika mbili jina la Anastasie lilikuwa limeandikwa. Katika wiki zote zile za kupiga simu hakuwahi kupewa mkalimani. Alipewa siku ile, kwa ajili ya miadi ya mtu mwingine, na hilo nalo lilimwongezea hasira. Fortunée atapata nyingine kesho tu, aliwaza. Si ana Raïssa?

Alhamisi alifika mapema, akaketi pembeni. Saa nne kasoro Fortunée na Raïssa waliingia. Kwenye dirisha la mapokezi Raïssa alibishana kwa adabu, halafu bila adabu. Nafasi nyingine ni baada ya wiki tano, waliambiwa. Papo hapo nesi akafungua mlango na kuita, "Anastasie!"

Fortunée aligeuka. Uso ukamng'aa.

"Dada! Umepata randevu ya daktari? Mungu asifiwe! Nenda, nenda, wasije wakakuruka na wewe. Mimi wamenifuta, sijui kwa nini."

Anastasie aliingia. Daktari alimpima mkono, akampa kifaa cha kufunga kiganja na ile karatasi. Hakukumbuka hata neno moja aliloambiwa.

Jioni alibisha hodi kwa jirani. Fortunée alikuwa amelala kwenye kochi. Vidonge vya presha vilikuwa vimekwisha tangu Jumatatu, na duka la dawa lilitaka ruhusa mpya ya daktari.

"Mama Raïssa, nafasi yako nimeichukua mimi. Niliwaambia umesafiri."

Fortunée aliinuka akakaa. "Kwa nini hukuniomba? Ningekupa."

"Nilijua ungenipa. Sikutaka unipe. Nilitaka ukose, kama mimi."

Raïssa alisimama, akafungua mlango na kuushikilia wazi hadi Anastasie akatoka.

Asubuhi Anastasie hakwenda kazini. Kliniki ilipofunguliwa alisimama dirishani na Kiingereza chake kibovu: si mimi, rafiki yangu, presha, dawa hakuna. Wakamwambia asubiri, labda mtu atakosa kuja. Alisubiri hadi saa saba mchana. Mgonjwa mmoja hakutokea. Akampigia Fortunée, na Egide, aliyekuwa akifanya kazi usiku, akaamshwa usingizini amlete kwa gari.

Fortunée alipata dawa yake. Kwenye maegesho ya magari alimwambia, "Asante kwa leo. Ya Alhamisi bado."

Ilichukua hadi karibu na Krismasi ndipo waliporudi kwenda misa pamoja. Ghalani Anastasie alipewa kazi ya kubandika lebo, na vidole vikaanza kuhisi tena. Wivu haukumwisha. Raïssa alipopita na simu sikioni, bado ulimchoma. Ila sasa alifungua dirisha na kumsalimu, na siku nyingine msichana aliitikia.